Nyama Isiyo na Mfupa

“Nipeni mafiga matatu, chungu kimoja na kisu kinachokata, nami nitawalisha Ugiriki, Italia na Uingereza ndani ya juma moja, na hakuna hata mmoja wenu atakayejua amekula nini.”

Asukile Mwakalinga aliyasema hayo siku ya Krismasi ya mwaka 1954, uwanjani pa kanisa chini ya mlima Loleza, Mbeya, mbele ya watu waliokuwa wanasubiri wali wa sikukuu na kwa hiyo walikuwa tayari kucheka chochote. Saulo, mzee wa kanisa na jirani yake wa ua kwa ua, alicheka mpaka akaegemea ukuta. Miezi mitatu baadaye Saulo huyohuyo aliyarudia maneno hayo neno kwa neno, safari hiyo ameshika panga, na wali haukuwepo.

Asukile alikuwa mtu mfupi, mwenye masharubu ya kujivunia na mikono safi kupita kiasi. Kwetu mwanamume mwenye mikono safi ni karani au mgonjwa, na yeye hakuwa karani. Alikuwa amekaa Iringa miaka kumi na mmoja kwa Mgiriki mmoja mkulima wa tumbaku. Aliingia pale kama mpasua kuni, akapanda akawa mwosha vyungu, akapanda tena mpaka akawa mpishi, na juu ya mpishi hakuna cheo isipokuwa kuoa ndani ya nyumba, jambo ambalo Mgiriki hangelipenda. Nyumba ile ilipokea wageni wengi. Kila aliyekuja alikuwa na mke, na kila mke aliingia jikoni kumfundisha Asukile chakula kimoja cha kwao kisha akaondoka. Mwitaliano aliyejenga madaraja alimwachia tambi. Mwingereza bwana shamba alimwachia viazi vya kuponda. Mgoa wa posta alimwachia mchuzi wa bizari na siki. Asukile hakuwahi kuvuka maji makubwa kuliko Ruaha, lakini tumbo lake lilikuwa limetembea.

Baba yake alipofariki ilibidi arudi kushika kiwanja. Alirudi na visu viwili, ubao wa kukatia nyama, na tabia moja mbaya: aliingia jikoni kwa mkewe bila kuitwa.

Mwanamume wa Kinyakyusa wa siku zile aliyeonekana jikoni alikuwa anatafuta kaa la kuwashia kiko, au alikuwa ameanza wazimu. Mkewe, Tusekile, alimtazama akichagua sufuria.

“Baba Lea, unatafuta nini?”

“Napika.”

“Nani amekufa?”

“Hakuna aliyekufa. Leo tunakula Ugiriki.”

“Na ugali nimpe nani?”

Walikubaliana, baada ya siku tatu za kununiana. Jumatatu ilikuwa Ugiriki: majani ya kabichi yaliyoviringishwa mchele wa Usangu na nyama, yakapangwa chunguni kama watoto waliolala kitanda kimoja, juu yake limau na yai lililopigwa. Jumanne Italia: unga wa ngano na mayai, ukasukumwa kwa chupa, ukakatwa nyuzinyuzi, ukaanikwa kwenye kamba ndani ya nyumba, kisha ukachemshwa na kumwagiwa nyama na nyanya. Jumatano Uingereza: nyama chini, viazi vya kuponda juu, mkaa chini ya sufuria na mkaa juu ya mfuniko mpaka viazi vipate rangi. Alhamisi Goa. Ijumaa, alisema Tusekile, ni zamu ya Unyakyusa, na ole wake atakayegusa mwiko wangu.

Lea, binti yao wa miaka tisa, ambaye uzeeni ndiye aliyenisimulia haya, anasema vilikuwa vyakula vya kawaida tu, vya mikono miwili na moto mmoja, na kwamba alivipenda vyote isipokuwa Goa.

Sasa hapa pana jambo ambalo Asukile alilisahau kwa miaka yake kumi na mmoja ya ugenini. Kwetu nyama inajulikana. Ng'ombe akichinjwa, kila kiungo kina mwenyewe: kidari cha huyu, mguu wa yule, shingo ya fulani, na mtu akipewa kipande kisicho chake ugomvi unaishi kuliko ng'ombe. Nyama inakuja na mfupa wake kama mtu anavyokuja na jina la ukoo. Unaitazama sahanini, unajua ilikaa wapi kwa mnyama na nani amekuheshimu. Asukile alinunua steki nusu ratili, bila mfupa, akaiweka juu ya ubao na kuishambulia kwa visu viwili, tak-tak-tak-tak, mpaka ikawa kitu kisicho na kiungo wala ukoo. Kwa Mgiriki hiyo ilikuwa hesabu nzuri, nyama kidogo inalisha wengi. Kwa jirani, ilikuwa nyumba inayokata nyama kila jioni na jalala lake halina mfupa hata mmoja. Mbwa wa mtaa walikwenda pale, wakanusa, wakarudi wamekata tamaa. Watu waliwaona mbwa.

Tusekile, mwenye akili ya ujirani, alikuwa akimpitishia Atuganile, mke wa Saulo, bakuli la chakula juu ya ua wa matete. Bakuli la bati lenye maua mekundu. Kwetu bakuli halirudi tupu, kwa hiyo lilirudi na maharage, na mahindi mabichi, na siku moja na mayai manne. Saulo hakuambiwa. Saulo alikuwa na msimamo juu ya wanaume wanaopika, na mwanamke mwenye busara hamwamshi mumewe na msimamo wake kwa wakati mmoja.

Mwezi wa tatu mwaka 1955, mvua zimekaza, Liberatus akaja. Alikuwa dobi wa nyumba ya Mgiriki, Mbena mrefu mwenye kicheko kama mlango mbovu, rafiki wa Asukile wa miaka yote ile. Alifika Jumapili jioni kwa lori la tumbaku, na kikasha begani: zawadi kutoka kwa mke wa Mgiriki, makopo sita ya nyanya zilizosagwa, za kutoka Ulaya. Mtaa mzima ulimwona akipita na kikasha. Walikaa, wakala, wakacheka. Saa kumi alfajiri lori lilipiga honi barabarani, Liberatus akaondoka kwenye ukungu, na hakuna mtu hata mmoja aliyemwona akitoka.

Jumanne Asukile alifungua kopo la kwanza. Nyanya zake ni nzito, nyekundu kuliko nyanya yoyote iliyowahi kuota Mbeya. Alipika tambi, Tusekile akapitisha bakuli juu ya ua, wakalala wameshiba.

Jumatano Lea alichukua kopo tupu akaenda nalo kisimani kuchezea. Watoto wenzake wakalizunguka. Ndani ya kopo pembeni mlikuwa bado na wekundu. Nje ya kopo palikuwa na picha ya mwanamke, mweupe, mashavu ya mviringo, anacheka.

Siku zile duka la Mhindi mjini lilikuwa na makopo machache, na kila mtu alijua kuyasoma hata kama hakujua kusoma. Kopo la samaki lina picha ya samaki. Kopo la maziwa lina picha ya ng'ombe. Kopo la maharage lina picha ya maharage. Hili lina picha ya mtu.

Ukitaka kucheka, cheka, lakini kwanza nionyeshe tobo liko wapi kwenye hoja hiyo. Na mwaka ule habari za mumiani zilikuwa zimepanda kutoka upande wa Tunduma kama homa: kwamba wako watu wanaolipwa kuwakamata wenzao na kuwakamua damu, inatiwa makoponi, inapelekwa wanakojua wenyewe. Watu walikuwa hawatembei peke yao jua likishuka. Walinyimana hata kaa la moto, wasije wakafungua mlango. Hofu ile ilikuwa na miguu, ila haikuwa bado na nyumba. Kuanzia Jumatano saa tisa alasiri ilikuwa na nyumba.

Alhamisi bakuli halikurudi.

Tusekile alikwenda uani akaita, “Atuganile.” Alisikia mtu anapumua upande wa pili wa matete. “Mama, uko hapo?” Pumzi ikaondoka polepole, kwa miguu ya mtu asiyetaka kusikika. Kisimani siku hiyo wanawake walimwachia nafasi kubwa mno. Alichota maji bila kupanga foleni, na alisema baadaye kwamba hakuwahi kubeba ndoo nzito kama ile.

Ijumaa Saulo akaja, akasimama nje ya ua. Hakuingia. Alikuwa mtu mzito wa mwili na wa maneno, lakini siku hiyo maneno yalimtoka membamba.

“Asukile, ndaga,” alisalimu.

“Ndaga, Mzee Saulo. Karibu ndani.”

“Hapa panatosha. Nimekuja kuuliza tu. Yule mgeni wako wa Jumapili.”

“Liberatus?”

“Mrefu.”

“Huyohuyo. Amerudi Iringa.”

“Lini?”

“Jumatatu alfajiri.”

“Nani alimwona?”

Asukile alianza kucheka, kisha akauona mkono wa Saulo. Ulikuwa umeubana mlango wa ua usifunguke. Mzee wa kanisa, mtu aliyewahi kumfukuza chui kwenye zizi kwa jembe, alikuwa anamwogopa. Hapo ndipo na yeye alipoogopa kwa mara ya kwanza. Mtu akikuchukia unaweza kumwomba msamaha. Mtu akikuogopa, kila unachofanya kinamwongezea.

“Mzee Saulo, ninyi mnafikiri nini?”

“Mimi sifikiri. Mimi nauliza. Na nyama ile, mifupa yake unaipeleka wapi?”

“Sinunui mifupa.”

“Hununui mifupa,” Saulo alirudia, kama anayeweka kitu mfukoni. Akarudi nyuma hatua tatu kabla ya kugeuza mgongo.

Jioni ile Asukile hakupika. Ilikuwa zamu ya Unyakyusa hata hivyo. Tusekile alisonga ugali, akauacha upoe, kisha akasema bila kumtazama mumewe:

“Baba Lea. Ile nyama ya Jumanne ulinunua kwa nani?”

“Buchani. Kama siku zote.”

“Nimeuliza tu.”

“Na wewe, Mama Lea?”

“Nimesema nimeuliza tu.”

Lea anasema baba yake alikwenda akakaa kando, akawapa mgongo. Mtaa mzima haukuwa umemtisha kama swali lile. Tusekile aliona, akaja akakaa karibu naye, akalia kidogo, akafuta pua kwa kanga, na kutoka hapo akawa ndiye mwenye akili zaidi kati yao wawili.

“Akionekana Liberatus, yamekwisha,” alisema. “Wanataka kumwona mtu. Tukamlete huyo mtu.”

“Niende Iringa?”

“Ukiondoka wewe umekimbia. Wataichoma nyumba kabla hujafika Chimala. Nitakwenda mimi na Lea.”

Walifikiria bomani pia, polisi, lakini kwenda bomani ndiko kungekuwa kujimaliza: kila mtu alijua mumiani anawauzia haohao wa bomani. Wakakubaliana basi la kesho. Basi lilikuwa linaondoka alfajiri. Kwa hiyo Jumamosi, saa kumi na moja, kwenye ukungu uleule uliommeza Liberatus, Tusekile na Lea walitoka na kikapu kimoja wakashuka barabarani, na hakuna mtu hata mmoja aliyewaona wakitoka.

Hawakulifikiria hilo. Asukile alilifikiria saa tatu asubuhi, akiwa anafagia, na ufagio ukamdondoka.

Jumapili alikwenda kanisani. Kukaa nyumbani kungekuwa kukiri, alijiambia. Aliketi benchi la kati. Benchi likawa lake lote. Watu walimtazama, kisha wakatazama upande wa wanawake mahali pa Tusekile, kisha mahali pa Lea kati ya watoto, wakahesabu. Alisikia hesabu ile ikipita kichwa hadi kichwa. Ulipoimbwa wimbo wa pili hakuwa na sauti. Baada ya ibada bibi mmoja alimuuliza, kwa adabu yote, “Mke wako yuko wapi, baba?”

“Iringa.”

“Na mtoto?”

“Iringa.”

“Na yule mgeni?”

“Iringa, bibi.”

“Basi Iringa sasa imejaa,” bibi akasema, akamvuta mjukuu wake akaondoka naye.

Jumatatu mvua ilinyesha kutwa. Basi halikuja. Asukile alijifungia. Alipoacha kuwasha moto, watu nje ya ua walisema, hana moshi, ameshiba. Alipowasha moto achemshe viazi, walisema, anapika, na wale wawili hawapo. Aliwasikia wazi, matete hayazuii sauti. Aliviweka visu vyake viwili chini ya kitanda, akavitoa, akavirudisha. Kisu kikionekana ni kibaya. Kikikutwa kimefichwa je? Mwishowe aliviacha mezani, katikati, akakaa mbali navyo. Kila tone la mvua juu ya nyasi lilikuwa mguu wa mtu. Alijaribu kusali, akasahau maneno baada ya “mkate wetu,” akaanza tena, akasahau palepale.

Jumanne saa tisa wakaja.

Walikuwa kama thelathini, wengine wana fimbo, wengine mapanga ya shambani, na mmoja nyuma ameshika kijinga cha moto amekikinga na mvua kwa kofia. Saulo alikuwa mbele. Si kwamba alitaka. Mzee wa kanisa husukumwa mbele. Walisimama uwanjani, wamebanana, na Asukile alipofungua mlango kundi zima lilirudi nyuma hatua moja, kisha likaona aibu, likasogea mbili.

“Tumekuja kwa amani,” alisema Saulo, panga mkononi.

“Nimeona.”

“Tuonyeshe mgeni wako.”

“Yuko Iringa.”

“Tuonyeshe mke wako.”

“Amekwenda kumleta mgeni.”

“Sikilizeni,” Saulo aliwaambia watu, sauti ikimpanda. “Siku ya Krismasi mtu huyu alisema nini? Alisema, nipeni mafiga matatu, chungu kimoja na kisu kinachokata, nami nitawalisha Ugiriki, Italia na Uingereza ndani ya juma moja, na hakuna hata mmoja wenu atakayejua amekula nini. Alisema au hakusema?”

“Alisema.”

“Mbele ya kanisa?”

“Mbele ya kanisa.”

Asukile aliingia ndani. Kundi likaguna. Alitoka na kopo moja la yale matano yaliyobaki, akaliweka juu ya kinu kilichopinduliwa, yule mwanamke wa picha akiwachekea wote. Akachukua kisu kutoboa. Alipochukua kisu watu kumi walirudi mpaka barabarani. Mikono yake, ile mikono safi, ilimkataa: kisu kiliteleza mara mbili, na mara ya tatu kilizama, na wekundu ukaruka juu ukamwagika kwenye kinu, mzito, polepole.

Mwanamke mmoja alilia kwa sauti ndogo. Yule wa kijinga akaiondoa kofia iliyokinga moto.

“Ni nyanya,” Asukile alisema. “Nitakula mwenyewe. Tazameni.” Akachovya kidole akalamba.

“Sasa hiyo ni ushahidi gani?” mtu akauliza kutoka nyuma. “Fisi naye anakula.”

Hapo, Asukile alisema miaka mingi baadaye, ndipo alipojua atakufa. Haikuwa mawazo. Alilijua jambo hilo kama unavyojua njaa. Suruali yake ilikuwa imelowa, na si mvua peke yake iliyohusika. Kijinga kilikuwa kinasogea kuelekea ukingo wa paa, mikono ikipishana kukipitisha, kila mtu akitaka kiende na hakuna anayetaka kuwa wa mwisho kukishika.

“Ngoja,” alisema Atuganile.

Alikuwa amesimama mlangoni pa ua, na mkononi alikuwa na bakuli la bati lenye maua mekundu. Tangu Alhamisi hakuwa amekula kitu kikakaa tumboni. Siku sita alikuwa amenyamaza, maana kama ni damu, basi yeye ni nani sasa? Na akisema, kile kijinga kitajua njia ya nyumba mbili. Uso wake ulikuwa wa kijivu. Alipita katikati ya watu, akaliweka bakuli juu ya kinu, kando ya kopo. Ndani mlikuwa na maharage. Alikuwa amelirudisha, na halikuwa tupu.

“Nilikula,” alisema.

“Ulikula nini?” Saulo akauliza.

“Jumanne iliyopita. Mama Lea alinipitishia bakuli. Miezi mitatu ananipitishia.”

“Atuganile, nyamaza.”

“Na wewe ulikula, mzee wangu.”

Saulo aligeuka kuwaangalia watu.

“Ile mboga ya nyuzinyuzi,” Atuganile aliendelea, akitazama chini. “Uliniuliza nimeijulia wapi. Nikasema kwa dada yangu Tukuyu. Ukasema niipike tena Jumapili, wakija wazee wenzako. Ulilamba sahani, Saulo.”

Watu waliokuwa kulia kwa Saulo walisogea kulia kidogo. Waliokuwa kushoto walisogea kushoto. Haikuwa kwa makusudi, miili tu ilifanya. Baada ya muda mfupi mzee wa kanisa alikuwa amesimama peke yake na panga lake, upande uleule wa uwanja na Asukile, na yule wa kijinga alikuwa anawatazama wote wawili kwa zamu.

“Mzee Saulo,” aliuliza mtu, taratibu. “Ulikula?”

“Mimi niliambiwa ni...”

“Ulikula au hukula?”

Saulo alilitazama kopo. Aliwatazama watu aliokuja nao, watu aliowasimamia watoto wao ubatizoni na kuwazikia wazazi, na Asukile alimwona akijua kile ambacho yeye alikuwa amekijua dakika chache kabla. Panga likamtoka mkononi. Akainama juu ya kinu, akachovya kidole kizima, akakitia mdomoni.

“Ni nyanya,” alisema.

“Umejua haraka hivyo?”

“Nyanya nazijua. Nimelima nyanya kabla hujazaliwa.”

“Onja tena.”

Akaonja tena. Machozi yalikuwa yanamtoka, akaonja mara ya tatu bila kuambiwa. “Nyanya,” alisema. “Nyanya tupu. Tena hazina chumvi.”

Atuganile naye akachovya. Kisha bibi yule wa kanisani, aliyekuwa amekuja na fimbo yake, ambayo siku hiyo hakuishika kwa kutembelea tu. Walionja mmoja mmoja, kama meza ya Bwana, wakifumba macho. Baadhi hawakuonja. Hao hawakuamini siku hiyo, na wengine hawakuamini hadi wanakwenda kaburini. Lakini kijinga kilikuwa kimelowa, na mwenye nacho alikitupa kwenye tope kana kwamba hajui kilifikaje mkononi mwake.

Jumatano mchana Tusekile aliingia na tope mpaka magotini, Lea mgongoni, Liberatus nyuma. Basi lilikuwa limekwama Chimala siku mbili, mto umepanda juu ya barabara. Watu walitoka majumbani kumtazama Liberatus. Walimgusa. Mmoja alimfinya.

“Alikataa kuja,” Tusekile alimwambia mumewe. “Aliniambia, Mbeya? Siendi. Tumesikia huko kuna mpishi anawapika wageni.”

“Ukasemaje?”

“Nikamwambia, huyo mpishi ni mume wangu, na mgeni aliyepikwa ni wewe. Beba kikapu twende.”

Asukile alitaka kucheka. Badala yake akakipokea kikapu.

Aliishi miaka thelathini na moja baada ya siku ile, na hakujisifu tena mbele ya watu, hata kwa jambo la kweli. Hakuacha kupika. Ila jiko alilihamishia uwanjani, mbele ya mlango, ua wa matete akaung'oa wote, na kila jioni kabla ya kuinua kisu alitangaza kwa sauti, yeyote anayepita asikie: hii ni mbuzi, mguu wa nyuma, kutoka kwa fulani. Mfupa aliuweka juu ya sahani, kando ya tambi, kando ya kabichi za Kigiriki, hata kama nyama haikuwa na haja nao. Wajukuu walidhani Waitaliano wote hula hivyo. Na mtu akibisha hodi jua limeshuka, mikono yake ilikuwa inakunja ngumi yenyewe, mpaka asikie jina.

Mwaka uliofuata kisa kile, duka la Mhindi mjini lilileta makopo yale, yenye yule mwanamke wa mashavu, safu nzima juu ya rafu. Atuganile alikuwa amemtuma Saulo akanunue moja. Saulo alisimama mbele ya rafu muda mrefu, mikono nyuma, bila kugusa. Mwenye duka akamuuliza kama anataka kitu. Saulo akaonyesha kwa kidevu, akauliza bei.

“Shilingi moja na senti ishirini,” mwenye duka akasema.